Jina la Herufi Mia Tano Kumi na Tatu

Usiniulize kompyuta nilijifunzia wapi. Majirani zangu hapa mjini Varkaus nimewaambia nilifundishwa na samaki niliyemvua ziwani mwaka wa themanini na mbili, akaomba nimwachilie, fidia yake ikawa elimu. Ukweli hauna ladha hiyo: nilikuwa fundi wa kiwanda cha karatasi, na kitabu cha mafunzo nilikiokota kwenye rundo la kusagwa.

Programu yangu inaitwa Kuovi, jina la ndege anayerudi kwetu barafu ikipasuka. Inakaa kwenye seva, inapokea barua pepe na kuzigawa. Ni programu huria: msimbo wake uko wazi, asome atakaye, atumie, arekebishe. Niliiandika na Orvokki, mwanamke wa mji wa Joensuu, kwa miaka kumi na minne. Hatukuonana uso kwa uso hata siku moja. Tulijuana kwa masahihisho tu. Alinikosoa mpaka mkato, nami nikawa nakosea makusudi ili anikosoe tena.

Mwishoni mwa Januari akanipigia Neea, dada mmoja wa mji wa Oulu anayetafuta mianya ya usalama kama wengine watafutavyo uyoga.

"Mzee Teuvo, Kuovi yako ina tundu. Mgeni akijitambulisha kwa jina lenye zaidi ya herufi mia tano kumi na mbili, mlango unafunguka bila nywila. Anasoma barua za kila mtu."

"Masikini mimi!"

"Mbona hushtuki?"

"Nimekaa kwenye kigoda. Nikishtuka nitaanguka."

Akanipa siku tisini. Ndiyo desturi yao: aliyegundua hunyamaza siku tisini mwenye programu atie kiraka, kisha hutangaza, kiraka kiwepo kisiwepo. Zangu zilikuwa zinaisha tarehe ishirini na nane Aprili.

Sikushtuka kwa sababu nililijua. Orvokki aliniambia miaka tisa iliyopita, nikamcheka: nani ana jina refu hivyo, askofu? "Ziba, Teuvo," akaandika. Nikasema kesho. Kesho ikazaa keshokutwa. Akachoka, akaacha kazi, akafunga anwani yake. Neno lake la mwisho: "Kila tarehe mbili Mei nitapita hapo hapo mpaka uzibe." Ndiyo tarehe tuliyoitoa Kuovi kwa mara ya kwanza.

Na akapita. Kila mwaka kwenye seva yangu hubisha jina la herufi mia tano kumi na tatu, moja tu zaidi ya mlango unavyoweza kuvumilia, na ndani nakuta mstari mmoja. "Theluji imeisha huku." "Nimepanda viazi." "Goti linauma." Basi, hadi mwaka mwingine. Mistari tisa ninayo. Ningeziba, angepitia wapi?

Aprili nikaanza kumpiga chenga Neea.

"Dubu kakata waya wangu."

"Wiki iliyopita alikuwa mbwa mwitu, mzee. Ijayo nani, nyangumi?"

"Niongezee siku nne tu. Nifike tarehe mbili."

"Siku nne za nini?"

Nikamwambia, safari hii bila chumvi.

"Kuovi iko kwenye seva elfu kumi na moja, Teuvo. Moja ni ya zahanati anayotibiwa mama yangu. Barua za wagonjwa zimekaa wazi miaka tisa ili wewe upate habari za viazi?"

Alikuwa ameacha kuniita mzee. Hilo lilinichoma kuliko yote.

Kiraka kilikuwa mistari miwili. Miaka tisa, mistari miwili! Desturi nyingine ni kumtaja mgunduzi, nikaandika: "Aligundua Orvokki Rautiainen, kisha Neea Kemppi. Aliyechelewa ni mimi." Na kwa kuwa seva lazima imjibu mgeni inayemkatalia, nikatunga jibu. Kiraka hakiingii bila jicho la pili kukisoma, na jicho lilikuwa la Neea.

"'Jina refu mno. Pitia mlango wa mbele, kahawa ipo.' Hii ndiyo nini?"

"Ujumbe wa hitilafu."

"Utasomwa na seva zote duniani!"

"Kahawa nitaongeza."

Alihema. "Mzee Teuvo, wewe ni balaa," akasema, akapitisha.

Tarehe ishirini na nane kiraka kikatoka. Kufikia Vappu, sikukuu yetu ya Mei Mosi, mafundi wa seva kutoka Chile hadi Korea walikuwa wananiandikia kuuliza kahawa iko wapi. Hiyo si chumvi. Naam, Korea ni chumvi.

Tarehe mbili Mei nilioka mkate wa iliki, nikaweka vikombe viwili, nikakaa mbele ya daftari la seva, pale inapoandika kila anayebisha. Saa tatu asubuhi likaja jina: herufi mia tano kumi na tatu. Limekataliwa. Jibu limetumwa.

Nikanywa kikombe changu. Cha pili kikapoa.

Saa nne na dakika kumi mgeni mwingine akabisha, mlango wa mbele. Hakuleta barua. Hakuacha mstari. Alijitambulisha tu, kama inavyotakiwa, kisha akakata:

Orvokki.

Herufi saba. Nikamwaga kahawa iliyopoa, nikabandika nyingine.