Dawa Iliyonywewa kwa Mrija

Mzee Oluka wa kijiji cha Mella alikuwa na ukaidi wa kumtosha yeye na majirani wawili. Tumbo lilikuwa limemwendesha tangu jana, macho yameingia ndani, lakini kikombe cha maji ya chumvi na sukari alikisukuma kando.

"Hii maji iko kama machozi," alisema. "Mimi nakunywa na mrija, ama sinywi."

Mjukuu wake Aanyu, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uuguzi huko Tororo, alikiondoa kikombe. Muuguzi wa zahanati alikuwa amemwambia waziwazi: mzee asipokojoa kufikia saa kumi na moja jioni, figo ziko hatarini, akimbizwe hospitali. Aanyu alimpenda babu huyu kupita kiasi. Basi asubuhi hiyo akauchemsha mrija mrefu wa babu wa kunywea ajono, pombe ya wimbi, akakoroga pakiti ya dawa hiyo ya chumvi na sukari katika lita moja ya maji safi, akaimimina kwenye chungu kidogo. Kisha akamwita Mzee Eriku, rafiki wa babu, aje amchangamshe.

Oluka alinyonya kwa raha zake kana kwamba yuko harusini. Ilipofika saa nane mchana alikuwa bado ananyonya. Ajabu ni kwamba ulimi wake ulikuwa mkavu vilevile, na chungu kilikuwa kimejaa pomoni. Aanyu akajibanza mlangoni. Hakungoja sana: Eriku alinyanyua birika, akaongeza maji moto chunguni kwa adabu zote, kama anavyofanyiwa mnywaji yeyote wa ajono mwenye rafiki wa maana.

"Mzee Eriku, umeongeza mara ngapi?"

"Tangu asubuhi. Chungu ya mgonjwa itakauka namna gani na mimi niko hapa?"

Aanyu alitaka kufoka, akajikuta anacheka. Aliuchomoa mrija, akawaonyesha chujio la nchani.

"Ndani ya utumbo kuna seli, na kila seli imefunikwa na utando mwembamba wa mafuta. Unachuja kama chujio hili, ila una milango yenye masharti. Kuna mlango mmoja ambao sukari haipiti peke yake, lazima ishikane mkono na chumvi. Zikishaingia, maji yanafuata nyuma. Hata mtu akiharisha, mlango huo haufungwi. Sasa wewe umezimua dawa, maji yamefika mlangoni hayana wa kuyaingiza."

Eriku aliiweka birika chini polepole. "Kumbe nilikuwa namuua kwa heshima," alisema.

"Heshima ibaki, mzee wangu. Ila ongeza kutoka jagi hili tu." Alikuwa ameshakimwaga chungu na kukoroga pakiti nyingine.

Ikapita saa tisa, ikapita saa kumi. Aanyu alishika simu, namba ya mwenye gari mmoja wa mjini Busia iko tayari. Saa kumi na nusu Oluka aliomba fimbo, akajikokota nyuma ya nyumba, Eriku akimfuata. Walikawia huko hadi Aanyu akaanza kuomba Mungu kwa sauti.

Waliporudi, Oluka alipita kimya na kuketi akitazama kando, kwani mambo hayo haambiwi mjukuu. Eriku ndiye aliyesimama wima kama msoma matangazo kanisani.

"Sista," alisema, kama aitwavyo muuguzi, naye hakuwahi kumwita Aanyu hivyo tangu azaliwe, "amekojoa. Mingi. Nimesimama nikaangalia mpaka mwisho."

Aanyu alikaa chini palepale vumbini, akalia na kucheka kwa pamoja.