Dakika Arobaini za Butiama

Tangu ushirika wa pamba uhamishie maombi yote kwenye mtandao, Mugeta alikuwa akiota mchana, tena macho wazi. Alikaa kwenye benchi la ofisi ya Bunda, funguo za pikipiki mfukoni, na mbele yake majalada yalitoka kabatini yenyewe, yakajinyoosha kama yangeyange, yakapita dirishani kuelekea Musoma bila kumuaga. Yale yaliyonenepa kwa miaka yaliruka chinichini, matumbo yakigusa pamba.

Kwa miaka ishirini na mbili yeye, tarishi, ndiye aliyekuwa njia. Ombi likiandikwa Bunda, alilibeba mpaka Butiama, mwenyekiti Mzee Nyamhanga akasaini, kisha Musoma, makao makuu, likagongwa mhuri. Mwenyewe husimulia kwamba mwaka mmoja wa mvua maji yalifunika barabara, pikipiki ikazama naye kama kambare, ikaibukia ng'ambo taa ikiwaka, na jalada halikulowa hata kona. Getruda wa masijala anasema jalada lile lilianikwa siku tatu. Lakini Getruda hakuwepo majini.

Hata mfumo mpya ulitoka kinywani mwa Mugeta. Lilian, mtaalamu aliyetoka Musoma na kompyuta yake, alimwomba amtajie kila mkono ambao jalada hupitia, jina, namba ya simu na muda linaokaa hapo. Alisisitiza asiruke hata kituo kimoja. Mugeta, ambaye hakuwahi kuulizwa jambo na mtu wa makao makuu, akamwaga yote. Getruda, robo saa. Marcelina wa Butiama, dakika arobaini. Mzee Nyamhanga, dakika ishirini. Lilian akachora visanduku na mishale, akashukuru, akaondoka. Hakuuliza Marcelina ana cheo gani. Mugeta naye hakusema kwamba Marcelina anauza chai.

Jumatatu moja ya mwezi wa pili, wakulima wa Bugwema waliomba mabomba thelathini ya kupulizia dawa. Funza walikuwa wameingia kwenye vitumba vya pamba. Ekari mbili kati ya zilizovamiwa zilikuwa za Rhobi, dada yake Mugeta, ambaye mwaka huo hakupanda kitu kingine chochote. Mabomba yenyewe yalikuwa stoo ya Bunda, yamepangwa ukutani, yanangoja ruhusa tu.

Alhamisi Rhobi akapiga simu. Alisema akisimama kimya shambani anawasikia wanavyotafuna.

"Kaka, si mlisema siku hizi ni dakika tano?"

Mugeta akamwendea Getruda, Getruda akafungua kompyuta. Ombi lilikuwa limetoka kwake siku ileile ya Jumatatu. Chini yake paliandikwa kwa rangi nyekundu: Linasubiri idhini ya Marcelina.

Getruda akampigia Lilian. Lilian alisema kurekebisha njia kutamchukua wiki. La haraka ni huyo afisa wa Butiama abonyeze tu kwenye simu yake. Mugeta hakungoja kusikia Getruda anamweleza vipi habari za huyo afisa.

Siku hiyo barabara ilikuwa nyepesi mno. Bila jalada mgongoni alihisi upepo unamnyanyua kwenye kiti cha pikipiki, na mawe makubwa ya vilimani yalionekana kusogea pembeni taratibu, kama ng'ombe wanaopisha gari. Nusura apite Butiama bila kusimama, kwa kudhani bado anaota.

Marcelina alikuwa anafuta meza yake. Ndiyo, meseji amezipata, nne. Aliziacha akijua ni matapeli. Nani mwingine angemwambia muuza chai kwamba ombi linasubiri idhini yake? Mugeta akamweleza yote, mpaka visanduku. Mama yule akavaa miwani, akasoma upya polepole.

"Kwa hiyo mimi ni kituo."

"Kwenye kompyuta tu."

"Umenipa dakika arobaini. Mwenyekiti mzima umempa ishirini."

Mugeta akamwomba abonyeze, pamba ya dada yake inaliwa. Marcelina alinyoosha kidole, kisha akakirudisha.

"Hapa nikibonyeza nasema nimeshughulikia. Nimeshughulikia nini, baba? Kesho wakija kuniuliza nitajibu nini? Niambie jalada lilikuwaga linafanya nini hapa kwangu."

Mugeta akaanza kwamba jalada likitoka Bunda lina joto la injini, wino unalegea, ni lazima lipumzishwe kwanza karibu na sukari ili... Simu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa Rhobi tena. Hakuipokea. Ile hadithi ikamfia mdomoni, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na nyingine.

"Halikuwa na kazi yoyote," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nasimama. Tangu mke wangu, mama Bernado, afariki, nilikuwaga nasimama nikuone."

"Miaka tisa."

"Na miezi minne."

Marcelina akabonyeza.

Kabla hajaivua miwani, Mzee Nyamhanga alikuwa amekwishapitisha, na Musoma wakafuata. Getruda akapiga kusema mabomba yanapakiwa. Kesho yake asubuhi Rhobi alipulizia. Kona moja ya shamba haikupona. Kwingine kote vitumba vilisimama.

Wiki iliyofuata Lilian alituma ombi la kukifuta kituo cha Marcelina. Kwa kuwa njia ilikuwa ileile, likapita kwa Getruda, likafika Butiama, likasimama. Mengine yote mama yule hupitisha kabla maji hayajachemka, wakulima hawana lalamiko. Hili lilipowaka kwenye simu mezani, Mugeta alikuwa ameketi palepale, hana jalada, hana safari. Marcelina akalisoma mpaka mwisho, akaigeuza simu kifudifudi, akamuuliza kama leo atakunywa ya maziwa.