Rosette wa Watoto, Rosette wa Piano

Asubuhi ile ya Jumatatu nilikuwa na hasira, na asije mtu kuniambia hasira ni hasara, maana hasara ilikuwa imeshatangulia. Papa Kalombo, mwalimu wa piano kutoka Lubumbashi, alikuwa karibu kuondolewa kwenye nyumba yetu ya wazee hapa Selly Oak, huku kwa Waingereza. Angepelekwa mbali, kwenye nyumba ya milango inayofungwa kwa namba, apewe vidonge vya kumlaza mchana kutwa. Kikao cha kuamua kilikuwa Alhamisi. Kosa lake ni kwamba anapiga wahudumu.

Anawapiga lini? Hilo hakuna aliyejisumbua kuuliza. Nilikuwa nimetoka likizo ya wiki tatu Kakamega, nikakuta fomu kumi na moja za matukio kwenye faili lake. Nilizisoma nimesimama, koti bado mwilini. Amemtupia mhudumu kikombe. Amemzaba kofi. Amemng'ata mkono. Zote ni za asubuhi, kati ya saa mbili na saa tatu, wakati wa kumwogesha. Ya jioni hakuna hata moja. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini pale kwetu macho yalikuwa ya kutazama saa tu.

Papa Kalombo ana ugonjwa wa kusahau. Kiingereza ndicho kilichomtoka kwanza, akabaki na Kifaransa na Kiswahili cha kwao, na ndiyo maana Davinder, meneja wetu, alinikabidhi mzee huyo tangu siku aliyoingia. Kiswahili changu na chake ni kama ndugu wanaoonana kwenye harusi tu, lakini tulielewana. Yeye aliniita mama, mimi nikamwita Papa. Katika miezi minne hakuwahi kuninyanyulia hata kidole.

Nikaenda chumbani kwake. Saido alikuwa ndani na beseni na taulo. Saido ni Msomali aliyekulia Eastleigh, mtu mzima mwenzangu, na mkononi alikuwa na bandeji.

"Saido, unamfanyia nini huyu mzee?"

"Mimi? Si umuulize yeye ananifanyia nini! Mimi nafuata care plan, walahi, word for word. Personal care, halafu umwekee wimbo anaopenda. Nikiweka tu, anachachamaa!"

Akabonyeza kishikwambi kilichokuwa kando ya kitanda. Zikatokea katuni, bata akizungusha kinu cha kusagia ngano, na watoto wakaanza kuimba kwa Kifaransa huku wakipiga makofi. Chini pameandikwa *Au moulin de Rosette*. Papa Kalombo, kifua wazi, alibana viganja vyake kwapani akaanza kulia.

"Zimisha! Mama, zimisha ile!"

Nilizima. Nilimfunika taulo, nikachuchumaa mbele yake nikamuuliza wimbo ule una nini.

"Ile tulikuwa tunaimba ku masomo," alisema. "Mon père, padri wa masomo, anasimama na fimbo. Ukikosa neno moja, unaleta mikono." Akaitoa kwapani, akanionyesha kidole cha kati cha mkono wa kushoto, ambacho hakinyooki. "Mikono ya piano, mama."

Mimi nilisoma Kenya, shule ya kuvalishwa kibao shingoni ukiongea lugha ya mama yako. Sikuhitaji maelezo zaidi. Wiki tatu nzima, kila asubuhi, mzee huyu alivuliwa nguo, akashikwa na mgeni, akawekewa wimbo wa fimbo. Halafu tunashangaa anang'ata! Hata mimi ningeng'ata.

Nilishuka ngazi mbili mbili. Nilifungua mlango wa Davinder bila kubisha.

"Nani aliandika wimbo ule kwenye mpango wa huduma wa Papa Kalombo?" nilimuuliza kwa Kiingereza. "Mjinga gani aliandika vile?"

Davinder hakupandisha sauti. Aliigeuza tu kompyuta yake initazame. Chini ya ukurasa, pembeni ya kiungo cha wimbo, palikuwa na jina la mwandishi na tarehe. Jemima Wekesa, yaani mimi. Siku moja kabla ya likizo yangu.

Nyani haoni kundule. Nilikaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

Nilikumbuka yote. Binti wa Papa Kalombo, Mireille, anayekaa Liège, alinipigia siku ile akaniambia baba yake akiamka vibaya awekewe *Le Moulin de Rosette*. Sikuujua. Ila kwetu mtu anayehangaika na mzazi mgonjwa hasumbuliwi kwa maswali. Unamwitikia ndiyo, ndiyo dada, usijali, ukatafute mwenyewe kando. Nikaitika kama naujua tangu utotoni. Nyumbani Sparkhill sanduku lilikuwa wazi, viatu vya shangazi havijanunuliwa. Nikatafuta mtandaoni, nikanakili wa kwanza kutokea wenye jina kama hilo, wenye watazamaji mamilioni. Sikuusikiliza hata sekunde kumi.

Nilimpigia Mireille nikiwa kwenye ngazi.

"Wimbo ya batoto?" alipiga kelele. "Dada! Ile Papa alikatalia mu nyumba yetu! Hatukuiimba hata siku moja! Miye nilisema ile ya piano, haina maneno hata moja. Alipiga ile siku alioa mama. Juu ya nini haukuniuliza?"

 Kumwambia kwamba nilinyamaza kwa heshima kungekuwa kumtukana mara ya pili. Nilimwomba msamaha, naye akanitumia muziki wenyewe.

Davinder alikuwa ameshapata njia yake. "Tutabadilisha mpango kimya kimya," aliniambia Jumatano. "Alhamisi usiseme kitu. Kibali chako cha kazi kiko chini yetu, Jemima. Fikiria watoto wako."

Niliwafikiria, na niliogopa, sitajifanya shujaa. Lakini zile fomu kumi na moja zingebaki kwenye faili kama zilivyo, na kila moja inasema mkali ni Papa Kalombo. Na nilichukia jinsi lile wazo la kunyamaza lilivyonipendeza.

Alhamisi tulikaa kwenye sebule ya chini: Davinder, Papa Kalombo kwenye kiti chake, mimi, na Audrey, afisa wa ustawi wa jamii, ambaye saini yake ndiyo ingemhamisha. Davinder alisoma fomu moja baada ya nyingine. Alipofika ya nne nilimkatiza.

"Hizo zote ni zangu," nilisema. "Niliandika wimbo usio wake. Ni wimbo aliochapwa nao utotoni. Mzee alikuwa anajitetea."

Davinder alifunga faili. Audrey aliniuliza maswali, mengi, na kila jibu langu aliliandika. Mwisho akataka kuusikia wimbo uliokusudiwa, aone mzee atafanya nini.

Nikaweka simu mezani. Piano ikaanza, taratibu, mkono mmoja kisha wa pili. Papa Kalombo aliinua kichwa. Vidole vikatembea juu ya mapaja yake, hata kile kisichonyooka. Nikapumua. Mara akapiga mkono wa kiti kwa nguvu, uso umewiva.

"Non! Non! Anakimbia! Nani anamukimbiza? Mama, uyu haheshimu hata kidogo!"

Davinder alishaanza kusimama. "Mnaona?" alisema. "Ni yale yale."

"Kaa," nilimwambia meneja wangu, na sauti yangu sikuitambua. "Amekasirika, ndiyo. Anasema mpiga piano anaharakisha. Ni mwalimu, na mwanafunzi anaharibu. Mnataka apewe kidonge kwa hilo?"

Audrey alimtazama mzee, ambaye sasa alikuwa akihesabu mapigo kwa kiganja, kana kwamba anamrudisha mpiga piano kwenye mwendo. Akachukua ombi la kuhamishwa, akalikata mstari mmoja mrefu, akatia saini chini yake.

"Jemima," Davinder alisema polepole, "ofisini kwangu. Sasa. Na uje na karatasi za kibali chako."

"Nitakuja," nikamwambia. "Mwalimu akimaliza."