Neno Kwenye Mlango wa Gereji

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, Mokgadi Sebola alitoka kumwagilia mboga zake akakuta mlango wa gereji umeandikwa MCHAWI. Herufi zilikuwa nyekundu, kubwa, zimeenea kutoka ukingo mmoja wa mlango hadi mwingine, na ile ya mwisho ilikuwa bado mbichi. Aliketi chini pale pale kwenye saruji, ndoo ya maji ikamwagika.

Upande ule wa kitongoji cha Seshego ulikuwa mtupu. Watu walikuwa wamekwenda kumzika Kgabo, kijana wa nyumba ya pembeni aliyegongwa na lori. Kabla ya saa tano wangerudi kunawa mikono na kula, na njia yao ilipita mbele ya gereji hiyo. Mokgadi alikuwa mjane wa miaka sitini na moja, anaishi peke yake. Utotoni, kijijini kwao, alimwona mwanamke akiburutwa kwa nywele nje ya nyumba yake kwa sababu ya neno hilo hilo, tena lilikuwa limetamkwa tu. Mwisho wa mwanamke yule haukuhitaji kusimuliwa.

Aliinuka. Ndani ya gereji lilikuwepo kopo la rangi ya kijani alilobakisha marehemu mumewe, na vipande viwili vya msasa. Alisugua mpaka vidole vikatoka damu. Nyekundu ile ilikuwa rangi ya kupakia sakafu za baraza, nayo iling'ang'ania bati. Akapaka tabaka la kwanza la kijani; neno likabaki linasomeka chini yake, limefifia tu. Akaanza tabaka la pili.

"Mama, acha hiyo kazi uondoke."

Alikuwa Mapula, jirani wa ukuta kwa ukuta, mke wa Lesetja fundi friji. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye plasta. Wiki tatu nyuma Lesetja aliuvunja kwa mguu wa kiti, na Mokgadi ndiye aliyewapigia polisi simu. Lesetja alilala mahabusu siku kumi kabla ya kuachiwa kwa dhamana.

"Ni yeye," Mapula alisema. "Alfajiri nilimwona akirudi na kopo. Na jana kwenye mkesha alikuwa anawaambia vijana kwamba lori ni kisingizio, Kgabo umemla wewe."

"Na wao wakasema nini?"

"Hakuna aliyempinga. Ndiyo maana nakwambia uondoke."

"Nikikimbia, mwanangu, nitakuwa nimekubali kwa miguu yangu mwenyewe."

Mapula aliutazama mlango. Kisha akachukua brashi kwa mkono wa kushoto, akaanza kuifunika herufi ya kwanza.

Hawakufika katikati. Lesetja alitokea kwenye kona na vijana watano, wametangulia mbele ya waombolezaji wengine. Wamevaa suti, wamebeba sepetu zenye udongo wa kaburi.

"Bibi kizee!" Lesetja alipiga kelele. "Jina lako zuri hivyo unalipaka poda ya nini?" Kisha akamwona mkewe. "Na wewe! Unafanya nini kwa huyu?"

"Napaka rangi," Mapula alijibu.

Lesetja aliinua sepetu akaipigisha plasta kwa bapa lake. Plasta ilipasuka, na ndani yake mfupa ukavunjika upya. Mapula alianguka, naye akamfuata chini kwa mateke, mbavuni, tumboni, bila kuharakisha, kama mtu aliyekatizwa kazi na sasa anaimalizia.

Mokgadi alimrushia rangi yote usoni. Lesetja akayumba, hamwoni mtu. Mokgadi akamfuata na kopo tupu, akampiga nalo mdomoni, akampiga tena, meno yakatoka. Miaka sita alikuwa amelala akisikia vilio nyuma ya ukuta. Sasa mkono wake ulikataa kusimama.

"Mnaona?" Lesetja alibwata. "Anataka kuniua na mimi!"

Jiwe lilimpiga Mokgadi kwenye sikio la kushoto. Alianguka, na kabla hajajua yuko wapi mpini wa sepetu ukamshukia mgongoni, halafu mwingine. Akasikia mtu akiingia gereji na kutoka na dumu la mashine ya kukatia nyasi. Kitu cha baridi kikamlowanisha sketi. Petroli. Alijaribu kutambaa, kiatu kikamkanyaga kiganja.

"Kibiriti kiko hapa," alisema Lesetja, akijifuta macho kwa mkono mmoja na kupapasa mfukoni kwa mwingine. "Sogeeni."

Hakukiwasha. Mapula alikuwa amesimama nyuma yake, sepetu mkononi, na aliishusha kwa makali kati ya shingo na taya. Lesetja alipiga magoti. Mapula akampiga tena begani, naye akalala chini.

"Nani mwingine?" Mapula aliuliza. Mkono wake wa kulia ulining'inia kama si wake. "Mnaotaka kumchoma, njooni. Lakini kwanza mtazameni kucha huyu mwanaume wenu; neno hilo kaliandika yeye, kulipiza siku zake kumi za mahabusu."

Kijana mmoja mrefu, Tlou, ndiye aliyerusha lile jiwe. Aliinama, akaukunjua mkono wa Lesetja. Chini ya kucha zote mlikuwa na rangi nyekundu ya baraza. Akaubwaga mkono huo, akatapika juu ya viatu vyake vya mazikoni. Wenzake walikuwa wameshaanza kukimbia.

Lesetja hakufa. Hospitalini walimfunga taya kwa nyaya, na mahakama ikamfunga miaka tisa. Mapula alihojiwa na polisi mara nne, mwishowe wakamwacha. Mkono wake haunyooki tena. Amerudi kwa wazazi wake na anauza nguo.

Tlou na wenzake walipewa kifungo cha nje. Kila asubuhi Tlou hupita mbele ya nyumba ya Mokgadi, huvua kofia na kumwamkia, kwa sauti ya juu kwa sababu anajua sikio lile la kushoto halisikii. Mokgadi humsikia vizuri tu kwa la kulia. Mpaka leo hajamjibu.