Mapazia Yaliyobaki Majini

Dada yangu Larysa alizaliwa Pripyat. Mimi nilizaliwa Kyiv, miaka miwili baada ya kinu cha nyuklia cha kule kulipuka na mji mzima kupakiwa kwenye mabasi, na kwa jambo hilo nilimwonea wivu tangu nilipopata akili. Wenzangu waliwaonea dada zao wivu kwa viatu na wachumba. Mimi kijiba changu cha roho kilikuwa mji usio na watu.

Msinicheke. Nyumbani kwetu Troieshchyna, mtaa wa Kyiv, hakuna kitu kilichowahi kufikia hadhi ya vitu vya Pripyat. Waridi za kule zilinukia zaidi. Aiskrimu ya kule ilikuwa ya maziwa ya kweli. Lifti za kule hazikukwama. Nikipika supu ya borshchi ikatoka vizuri, Mama alionja akasema, "Nzuri, ila bitiruti za huku hazina utamu." Halafu angemgeukia Larysa: "Unakumbuka, binti yangu?" Larysa akaitikia kwa kichwa. Wawili hao upande mmoja wa meza, na mimi upande wa pili na kijiko changu.

Nilipokuwa mkubwa nikatafuta kazi ya kuwaongoza wageni kwenye Ukanda uliofungwa. Miaka minane sasa, naingia Pripyat mara mbili au tatu kwa wiki. Najua ngazi ipi imemomonyoka na mbwa yupi wa kwenye kizuizi cha polisi anauma. Larysa hakuwahi kurudi hata siku moja. Yeye yuko ng'ambo, Wrocław, anatunza wazee wa watu, anakuja kwetu wakati wa Pasaka. Ungedhani basi Mama angeniuliza mimi habari za mji wake. Wapi! Nikifika mlangoni alikuwa na neno moja tu: "Viatu acha huko huko nje. Usiniletee vumbi la kule."

Na sasa niseme dhambi yangu. Mwaka wa kwanza wa kazi mgeni mmoja aliniuliza kama niliwahi kuishi pale. Nilitaka kusema hapana, mdomo ukasema ndiyo, mpaka nilipokuwa na miaka sita. Watu wakateremsha simu zao wakanitazama usoni. Sikuweza tena kurudi nyuma. Nikachukua kila kilichokuwa cha Larysa: asubuhi ile aliyocheza mchangani wakati sumu inashuka, paka aliyefungiwa ndani, na mapazia.

Mapazia yale yalikuwa ya Mama hasa. Zilibaki siku chache kufika sikukuu ya Mei Mosi, akayateremsha yote akayaloweka kwenye beseni la chuma la kuogea. Jumapili mchana wakatangaziwa watoke, siku tatu tu, wachukue hati na chakula kidogo. Akayaacha majini. Televisheni, vyombo vya harusi, koti la manyoya, hivyo vyote Mama huvitaja huku anacheka. Mapazia hayachekei. "Nimeyaacha majini," husema kwa sauti ya chini. "Mwanamke gani anaacha nguo majini akaenda zake?"

Pasaka ya mwaka huu, Larysa amekuja, kabla hata mkate haujakatwa, Mama aliinuka akaenda kwenye msumari ulio kando ya sanamu ya Bikira, akaangua ufunguo wa nyumba yao ya Pripyat, namba arobaini na saba. Ulining'inia pale miaka thelathini na mitatu. Mimi nikiwa mdogo nilikatazwa kuugusa. Akaufuta kwa aproni, akampa Larysa.

"Shika. Nikifa usije ukasema sikukupa. Wewe ndiye mtoto wa kule."

"Na mimi ni mtoto wa wapi?" nikauliza.

"Wewe wa hapa. Mshukuru Mungu."

"Mama, mimi ndiye ninayekwenda huko kila wiki!"

"Unakwenda kazini," akasema. "Nani anataka yai?"

Larysa akautia ufunguo kwenye mfuko wa suruali kana kwamba ni tiketi ya basi. Roho iliniuma. Kisha akanigeukia, hana habari. "Nipeleke, Myrosia. Nikaufungue huo mlango mara moja kabla sijaondoka."

Mlango hakuna. Wezi waliung'oa hata sijajua kusoma, pamoja na mabomba na kila chenye chuma ndani yake. Nilikwishaingia pale mara nyingi, nikasimama kwenye chumba kitupu. Nilikuwa na neno la kumwambia palepale mezani. Sikulisema. Nilitaka aende kuuchomeka ufunguo wake hewani.

"Jumatano," nikamwambia. "Vaa mikono mirefu."

Jumatano nikampandisha basi pamoja na wageni wengine, kiti cha nyuma. Sikuwa nimemkumbuka Hnat, dereva wetu, mzee anayependa kipaza sauti kuliko usukani. Tulipovuka tu kizuizi akanyakua kipaza sauti.

"Wageni wangu, leo mna bahati! Huyu Myroslava wetu si kiongozi wa vitabuni. Ni mtoto wa Pripyat mwenyewe, alitolewa huku na miaka sita!"

Kule nyuma Larysa akainua kichwa. Ningeweza kucheka nikasema mjomba Hnat anatia chumvi. Lakini donge lilinishika. Nilimwambia moyoni, ufunguo umepewa, na hadithi nayo uitake? Tulipofika Pripyat, uani nyuma ya shule ya muziki, nikapanda ngazi ya tatu ya jengo letu, mahali ninaposimama siku zote, nikaieleza yote. Mchanga. Paka. Niliposema, "Mama alikuwa ameloweka mapazia," nilikuwa namtazama yeye machoni. Jamaa mmoja wa Vilnius mwenye ndevu akafuta machozi.

Mwanamke mmoja, mwalimu kutoka Lviv, akamgeukia Larysa. "Na wewe dada, mbona kimya hivyo? Una mtu wako huku?"

Sasa ndiyo naumbuka, nikawaza, mbele ya Hnat na wote.

"Hapana," Larysa akasema. "Mimi mtu wa Troieshchyna. Nimekuja kutembea tu."

Nilipaswa kushukuru. Badala yake nilizidi kuona wivu, maana hata kuukana mji aliukana kama mwenye mali. Anao, ndiyo maana anaweza kuuacha.

Hnat akawapeleka wageni kwenye lile gurudumu kubwa la bembea za watoto, maana bila picha yake hawaondoki. Sisi wawili tukapanda ghorofa nne. Kuingia majengoni kumekatazwa, lakini nani atatuona. Larysa alifika juu anahema, ufunguo mkononi, akasimama mbele ya tundu la ukutani.

"Mlango uko wapi?"

"Uliibiwa."

"Lini?"

"Zamani. Nilijua."

"Ulijua." Akautazama ufunguo, akanitazama mimi. "Umenileta huku nifedheheke."

"Ndiyo."

"Afadhali hapo umesema kweli. Na huko chini vipi? Umeniibia kila kitu, Myrosia. Hata paka?"

"Hata paka."

"Mimi huyo paka simkumbuki."

Nilidhani ananidhihaki. Hakuwa ananidhihaki.

"Sikumbuki kitu," akasema. "Nakumbuka lile basi tu. Kiti kilinuka petroli, nikajikojolea, Mama akanifunika na koti. Yamekwisha. Mengine yote kaniambia Mama, mimi naitikia. Ningemwambia sikumbuki, angebaki na nani?"

"Bora wewe. Mimi hata kuitikia sikuruhusiwa."

"Bora mimi?" Sasa sauti ilipanda, ikarudi kutoka vyumba vyote vitupu. "Wewe unajua nikikohoa Mama alikuwaje? Uso unamwishia damu! Kila mwaka hospitali, mara nitolewe damu, mara shingo ipapaswe kutafuta uvimbe wa ile sumu, na yeye amekaa kwenye kiti ananiangalia kama anayeniaga. Wewe ukikohoa unapewa chai na jamu, unaambiwa acha kudeka. Nilikuwa nalala kitanda cha juu nakusikia unakohoa, natamani kikohozi chako. Mimi sikuchapwa hata mara moja, unajua? Hata nilipovunja dirisha. Wewe ulichapwa. Nilikuonea wivu mpaka kwenye fimbo zako!"

Miaka yote nilimhesabu Larysa kuwa amekaa upande wa Mama wa meza. Sikuwahi kufikiri kwa nini Mama hakumpa nafasi ya kukaa kwingine.

Akaingia ndani kwanza, mimi nyuma yake. Kwenye balkoni mti umeotea kwenye ufa, mrefu kunipita. Bafuni kulikuwa na vigae na alama nne za miguu ya beseni sakafuni.

"Na beseni?"

"Chuma hicho. Lilikwenda na mlango."

Tukasimama tunatazama zile alama nne. Sote tulikuwa tunayawaza yale mapazia. Kisha akanishika mkono, akaukunjua, akaniwekea ufunguo.

"Chukua."

"Kakupa wewe."

"Chukua bwana, usinichoshe."

Ulikuwa na joto la mfuko wake. Nilingoja nijisikie mtu wa Pripyat. Nilijisikia nimeshika ufunguo wa dada yangu.

Tulifika Troieshchyna jua bado liko juu. Tukavua viatu nje kwenye korido, jozi mbili, tukaingia na soksi. Mama alikuwa jikoni anamenya viazi, ametupa mgongo. Hakugeuka.

"Ulifunguka?"

Larysa akajibu kwa ajili yetu wote.

"Ulifunguka, Mama. Kitasa kigumu kidogo. Myrosia ndiye aliyeuzungusha."

Kisu kikasimama. Mama akageuka, na safari hii hakumtazama Larysa. Alinitazama mimi. Miaka minane nimengoja anitazame hivyo.

"Na mapazia?"

Kwenye ile ngazi ya tatu nimeshawadanganya maelfu ya watu, na machozi juu yake. Jikoni mwa mama yangu nilichagua neno moja moja.

"Tumeyakamua, Mama. Larysa kashika huku, mimi kule. Tumeyaanika."

Mama si mjinga. Amesoma magazeti miaka thelathini, anajua wezi walifanya nini kule kuliko mimi. Akaitazama mikono yangu, kisha ya Larysa, taratibu, kama anayetafuta kama ina unyevu.

"Kwenye balkoni?"

"Kwenye balkoni."

"Upande wa jua?"

"Upande wa jua."

Akachukua kiazi kingine, akakizungusha kiganjani, hakukimenya.

"Haya," akasema. "Ingizeni viatu vyenu ndani, vitaibiwa huko nje."