Nilimchora Enid

Kisasi ni kitamu, asikudanganye mtu. Mimi nilikila miaka mitatu, kurasa mia na ishirini za wino mweusi, na kila ukurasa nilijilamba vidole. Jumatatu asubuhi barua ikaangushwa mlangoni, nikaona mwandiko wa dada yangu Enid, nikaichana bahasha papo hapo.

“Thirza mdogo wangu,” ameandika, “nakuja Alhamisi. Kitabu chako nimekinunua mjini Halifax, sijakifungua. Nataka tukifungue pamoja. Kuna neno la Mama nimelikalia mno.”

Yesu wangu! Miaka tisa hatujasemeshana, tangu Mama afe na mimi nisiitwe. Nilisikia kwa watu, nikafika kaburi limeshafukiwa, mvua inanyesha, na Enid amesimama pale amevaa koti la Mama, lile la kijani lenye vifungo vya pembe. Sina ndugu mwingine duniani. Na huyo ndugu mmoja nimemchora kitabuni, nimemfanya shetani.

Hadithi yenyewe ni ya zamani, ya kutisha, ya namna tunayoipenda huku Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza: jumba bovu mlimani, upepo, na mjane aliyedhulumiwa anayerudi kuwamaliza warithi mmoja baada ya mwingine. Kazi yangu ilikuwa kuigeuza iwe ya picha. Mjane nikampa pua ya Enid, kidoti cha Enid cha kidevuni, na koti lile lenye vifungo vya pembe. Kijijini hapa nani asingemjua?

Nikampigia mchapishaji wangu, Pettifer. “Vizuie vitabu!”

“Nizuie nini, Thirza? Viko madukani tangu juzi. Halafu yule mjane wako anatisha, utadhani anapumua. Umemtoa wapi?”

“Usiniulize upuuzi!” Nikakata simu.

Jumanne sikula. Jumatano nikasafisha nyumba nzima, nikafuta mpaka kioo kidogo kinachokaa mezani pangu. Sisi wachoraji hatukosi kioo: ukitaka uso wenye hasira, unaukunja wako mwenyewe mbele yake, unachora unachokiona. Kwa mjane yule nilikuwa nimeukunja sana. Usiku nikapanga ujinga wangu: Enid akitoa kitabu tu, namwagia birika zima la chai, basi, kimeharibika, pole dada.

Alhamisi akaja kwa basi la saa nane, ana fimbo, mvua inamchuruzika. Amevaa koti lile lile.

“Umezeeka, we!” akasema mlangoni.

“Na wewe je, umekuwa mwali?”

Akacheka. Jamani, nilikuwa nimekisahau kile kicheko! Nikamkatia keki ya tangawizi, akaitafuna akisema bado napika keki ngumu kama tofali. Nikaanza kutumaini. Kisha akatoa kitabu mfukoni. Nikashika birika, nikaliinua, mkono ukakataa.

Ukurasa wa kwanza umeandikwa, Kwa Mama. Akaupapasa kwa kidole, akafunua.

“He! Pua yangu hii.” Akafunua tena. “Na kidoti.” Akafunua tena. “Na koti.”

“Enid, ngoja nikueleze...”

“Nyamaza. Nasoma.”

Akasoma chote. Saa nzima nimekaa kama mshitakiwa, chai inapoa, nasikia tu karatasi zikigeuzwa. Alipomaliza akarudi katikati, akaweka kidole.

“Mpaka hapa ni mimi,” akasema. “Kuanzia hapa simo. Hebu jiangalie.”

Nikatazama. Mjane anachoma ghala la warithi, na macho yale ni yangu. Mkunjo wa katikati ya nyusi ni wangu, na jino lililopinda ni langu. Kidoti nimekisahau kabisa. Ukurasa wa mwisho amewamaliza wote, amekaa peke yake jumbani, madirisha yamezibwa kwa matofali, na ni mimi mtupu. Miaka mitatu nimeuchora uso huo, sikuuona. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

“Hukumbakiza hata mmoja,” akasema Enid.

“Dada, nilikuwa na uchungu. Hukuniita!”

“Mama alinikataza.” Alisema polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. “Ulikuwa unamalizia kitabu chako cha kwanza. Akasema, usimwite, akija hatairudia tena kazi yake, mwache amalize. Akanipa koti, nikupe wewe. Nililivaa makaburini kwa sababu ya mvua, nikikungoja nikuvalishe, maana nilijua utasikia tu. Ukanitemea mate, Thirza, hata kabla sijafungua mdomo.”

“Mbona hukuniandikia?”

“Na mimi nina moyo. Imenichukua miaka tisa kuumeza uchungu ule.”

Akasimama. Akavua koti, akalitundika kwenye kiti, akabaki na sweta. “Haya, limefika kwa mwenyewe.”

“Dada, kaa. Usiku huu lala hapa, nakuomba.”

“Nilikuja na nguo za kulalia,” akasema, akauonyesha mfuko wake. Kisha akachukua fimbo akatoka.

Nilisimama kama gogo. Nilipopata akili nikalinyakua koti, nikakimbilia kituoni kwenye mvua, naita, “Enid! Vaa, utaugua!” Basi likaondoka. Nilimwona dirishani, ametazama mbele.

Baridi ikanishika, nikalivaa. Lilinikaa sawasawa, kama nimepimiwa. Nikageuka, na kwenye kioo cha kibanda cha basi alikuwa amesimama yule mjane, koti la kijani, nyusi zimekunjwa, peke yake.