Nahodha Aliyekataa Kutupa Mbao

Mwaka 2015 Clémence Zihindula alikuwa ametimiza miaka mitatu akipigilia misumari kwenye paleti, yaani vichaga vya mbao vya kubebea mizigo, katika kiwanda kimoja cha mji wa Jeffersontown, ughaibuni. Nafasi ya kiongozi wa laini ya mashine ilipotangazwa, aliiomba. Bosi akamweleza kwamba kuna mtihani wa kusoma Kiingereza wenye maswali kumi, na anayekosa zaidi ya mawili haipati.

Kisa cha kusoma kilihusu merikebu ya karne ya kumi na tisa. Ilitoka Kanada imejaa mbao, ikapasuliwa na mwamba kwenye pwani ya kisiwa kimoja cha Uskoti. Maji yalijaa tumboni mwake. Mabaharia walimsihi nahodha watupe mbao baharini, akakataa. Wakakaa siku mbili wamejifunga kwa kamba kwenye milingoti, mpaka wenyeji wakawavuta nchi kavu, wote kumi na wanne wazima. Swali la saba liliuliza kosa la nahodha lilikuwa nini.

Clémence hakuchagua jibu lolote. Aliandika pembeni kwamba nahodha hakukosa.

Alikosa maswali matatu, la saba likiwemo. Bosi akamwonyesha jibu lililotakiwa: nahodha alikosea kukataa kutupa mbao. Hapo Clémence akamsimulia. Kabla ya kukimbia Kongo alikuwa akinunua mbao Kalehe na kuzipeleka Goma kwa boti. Siku moja dhoruba ya Ziwa Kivu ilipasua boti, maji yakajaa, wanaume wakaanza kutupa mzigo. Yeye akazilalia zile mbao, akawaambia anayetaka kuzitupa amtupe yeye kwanza. Mbao ziliishikilia ile boti juu ya maji mpaka watu wa kisiwa cha Idjwi walipoifikia.

Bosi alimwamini, lakini majibu yalipangwa na kampuni ya mitihani kule mji wa Columbus, naye hakuwa na mamlaka ya kuyabadilisha.

Clémence akaomba ruhusa ya siku moja, akapanda basi kwenda Columbus. Bamurange, rafiki yake tangu kambi ya wakimbizi, aliyeishi mjini humo karibu na barabara ya Morse Road, akamsindikiza kama mkalimani. Mbele ya karani wa kampuni, Clémence aliweka beseni la maji na kopo lililotobolewa chini. Kopo lilipojazwa vipande vya mbao lilielea. Alipovitoa, likazama. Karani alitazama mpaka mwisho, kisha akasema mtihani unapima Kiingereza, haupimi meli, na jibu halibadiliki.

Walipotoka, Bamurange alimshauri kwa upole. "Mama Aksanti, si uandike tu wanachotaka? Ni alama moja."

"Watu kumi na ine walipona," Clémence akasema kwa Kiswahili cha kwao chenye Kifaransa ndani yake. "Donc niseme mwenye aliwaponesha alikosa? Hapana."

Aliruhusiwa kurudia mtihani uleule baada ya miezi mitatu. Kila Jumapili baada ya ibada alikaa na binti yake Aksanti wakasoma visa vingine, maneno magumu akiyaandika kwenye daftari, mpaka hakubaki na swali lingine la kumtisha.

Mtihani uliporudi umesahihishwa, alikuwa amepata tisa. Kwenye la saba aliandika vilevile, kwa herufi kubwa zaidi. Bosi akamuuliza kwa nini ametupa alama ambayo jibu lake alishaonyeshwa.

"Sikuitupa," alijibu. "Niliandika kweli. Bon, nipe kizibao cha kiongozi."

Alikivaa, cha manjano, kikimpwaya mabegani. Kisha akaenda laini ya tatu na kuamuru mashine isimamishwe, kwa sababu misumari ilikuwa ikiingia upande tangu asubuhi na hakuna aliyethubutu kusema.